Bawa la Kushoto

Miaka kumi na moja Tunu alipima vipepeo wa makumbusho bawa la kulia tu, kama alivyofundishwa. Bawa pana, kipepeo wa mtoni. Jembamba, wa mlimani. Kwa mengine yote walikuwa shilingi kwa ya pili.

Leo, kwenye sanduku la wale wa mtoni, mmoja alikuwa amevunjika bawa la kulia, Tunu akampima la kushoto. Likatoka jembamba.

“Umekosea, dada,” alisema Shaibu, aliyekuwa akiandika vipimo.

Tunu akampima mwingine, mzima. Kulia pana, kushoto jembamba. Hata wa ishirini, vilevile.

“Lifunge hilo sanduku,” Shaibu alinong'ona.

Tunu akashika kifuniko. Vipepeo hao walikufa kabla hajazaliwa, lakini sasa mabawa yao yote ya kushoto yalikuwa yameinuka kidogo, na madirisha yalikuwa yamefungwa.