Kibuyu cha Jumatatu

Nyiramahoro alisugua kibuyu kwa sabuni mara ya tatu, na bado aliona kinanuka mikojo ya ng'ombe.

Mama yake alimfundisha hivyo: kibuyu cha maziwa huoshwa kwa mikojo ya ng'ombe, kisha hufukizwa moshi. Hakuwahi kulionea haya jambo hilo. Lakini juzi Pétronille wa dispansari alimkuta zizini akiosha, akaziba pua.

"Weye! Njo ile maziwa unapelekea Wahindi? Watu wanavua viatu mbele ya kusali! Siku watajua, watakufukuza kama mbwa."

Tangu hapo, kwa aibu, alikiosha kwa sabuni tu.

Miaka sita sasa, kila Jumatatu, alipeleka maziwa kwenye ukumbi wa sala wa Wahindi wa Kitshanga, nyuma ya duka la Mzee Trikam. Humo wenye maduka wote, kutoka Masisi hadi Walikale, waliozesha watoto wao, waliamua magomvi yao, waliwalilia wafu wao wa ng'ambo. Maziwa yake ndiyo yaliyoogesha sanamu ya mungu wao. Shamba la Mzungu lilikuwa karibu zaidi, na madebe yake yaling'aa, lakini walimtaka yeye. Hapakuwa na mlango mwingine mjini ambapo muuza maziwa aliitwa kwa jina lake.

Jumatatu hiyo ilikuwa sikukuu, na ukumbi ulijaa. Mama Savita, mke wa Trikam, alifungua kibuyu, akanusa. Akanusa tena.

"Mama Nyiramahoro, umekiosha na nini?"

Watu wakageuka. Uso ukamwaka moto.

"Na sabuni, Mama. Sabuni tu."

"Na zile siku zingine?"

"Sabuni! Siku yote sabuni!" Sauti ilimpasuka. "Mikojo ya ng'ombe haijaingia humu hata siku moja. Naapa mbele ya mungu wenu."

Mwanamke mmoja akajifunika uso kwa ushungi. Mzee Trikam akajikalisha chini polepole, kama mtu aliyepokea habari ya msiba.

"Tuliambiwa watu wenu wanaosha vibuyu na mikojo ya ng'ombe," Mama Savita alisema. "Kwetu hakuna kitu inasafisha kuishinda. Njo maana tuliacha maziwa ya Muzungu, tukakufuata weye. Na leo unaapa haikuwamo? Miaka sita, Mama! Omba musamaha."

Nyiramahoro akakichukua mkononi mwake kile kibuyu, akakifunika.

"Kumbe mulifuata mikojo, hamukufuata miye. Siombi," akasema.