Orodha ya Hondohondo

Wanyama walipokuwa na ligi ya kikapu ya kwenye kompyuta, Hondohondo mjuaji ndiye aliyezipanga timu kwa ubora ubaoni kabla ya msimu, na chini ya kila timu akaandika kasoro zake. Timu ya Konokono aliiweka mkiani.

Swala alikuta timu yake ya kwanza, akaondoka akiringa. Wengine nao walitazama nafasi zao tu, wakaenda zao wamenuna. Konokono alibaki ubaoni siku tatu, akisoma mstari kwa mstari.

Msimu ulipokwisha, kombe lilikuwa la Konokono. Hondohondo akamwendea.

“Bwana Konokono, nani alikufichulia kasoro za timu zote?”

“Si wewe, mwalimu? Hata za kwangu uliandika. Nikaanza na hizo.”