Matanga Yasiyoanuliwa

Mume wa Mghoi alizikwa mahindi yakiwa machanga. Mahindi yalishavunwa na kupukuchuliwa, na matanga bado hayajaanuliwa. Sheria ilikuwa hiyo: desturi ikishapata ufadhili wa utafiti wa chuo kikuu, haikatizwi mpaka mradi uishe. Majirani walilala sebuleni kwake hoi, wakilia kwa zamu kila kamera ilipowashwa, naye mjane hakuruhusiwa kupika, kulala kitandani wala kuvua kaniki.

Asubuhi hiyo Daktari Mwakio, mtafiti mkuu, aliingia akitabasamu. "Mama, nina habari njema. Ufadhili umeongezwa."

"Njema kwa nani?" Mghoi aliuliza. "Mume wangu nimemlia mpaka machozi yamenikauka. Sasa ninalilia kitanda changu. Mama yako alipofiwa, mlimkalisha hivi?"

"Mama yangu hakuwa kwenye mradi," Daktari alijibu kwa upole.

Mghoi akanyanyuka. Aliikusanya mikeka waliyolalia majirani akaitupa uani, akachukua ufagio, akafagia nyumba nzima kuanzia chumbani hadi mlangoni, kama inavyofagiwa siku ya kuanua matanga. Kaniki akaitupa jalalani. Hakuna aliyethubutu kumshika.

Daktari Mwakio hakumzuia. Alikuwa ameinua kamera, macho yanamng'aa.

"Mjane kuanua matanga mwenyewe," alinong'ona. "Hili halijawahi kuchunguzwa. Mama, tafadhali, kesho utafagia tena."

Kule uani majirani, bila kuambiwa, walishaanza kuirudisha mikeka ndani.