Mwaka Mmoja wa Nabintu

Nabintu alijisifu kwamba hajawahi kuchelewa popote, isipokuwa kanisani, shambani na kwenye harusi yake mwenyewe.

Sasa alikuwa mjini Mbarara, ametoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale alfajiri, ameketi mbele ya karani wa malalamiko ya kazi.

"Hoteli ilinifukuza juu ya mimba, shefu," akamwambia karani. "Balisema tumbo yangu inakimbiza bateja."

"Lini, mama? Ukipita mwaka mmoja hatupokei."

Nabintu akaanza kulia. "Miezi kumi tu. Huyu mgongoni ndiye alikuwa mu tumbo."

Karani akaanza kuandika. Kitenge kikalegea. Nabintu alikibana kwa viwiko, lakini mtoto akateleza chini, akakimbia hadi mezani, akampa karani mkono kama alivyofundishwa kusalimu wakubwa.

"Jambo, papa," akasema. "Mama analia juu ya nini?"