Glavu Juu ya Injini

Asubuhi Msellem alikuwa ameliziba kwa tambara bomba la kupumulia la injini ya gari alilokuwa akiliuza, ili moshi usimkimbize mnunuzi. Sasa mnunuzi, mama mwenye mtoto mgongoni, amekuja na fundi wake, Bi Ruzuna. Fundi akafungua kifuniko cha oili, akalivisha tundu lake glavu ya mpira. Msellem akasogea mbele.

"Si lazima, dada. Gari hili halina neno."

"Mwenzangu atapanda nalo mlimani na mtoto. Injini iliyo nzima haiivimbishi glavu. Washa."

Msellem akazungusha ufunguo. Injini ikanguruma. Mtoto akacheka, akanyoosha kidole: moshi uliokosa njia kwenye bomba lenye tambara ulikuwa ukiiinua glavu polepole, hata ikasimama wima kama mkono wa shahidi anayeapa, na bado ikazidi kuvimba.