Ng'ombe Mweupe Kando ya Ziwa

Anyesi, askari wa hifadhi, alimkuta baba yake akiswaga ng'ombe kuelekea ziwani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Malambo yote ya kijijini yamekauka, mwanangu. Wakishakunywa tu, nawaondoa."

Maji yaliyobaki yalifika magotini, na viboko walikuwa wamebanana humo.

"Nikikuruhusu wewe, baba, kesho watakuja wote."

Mzee akawageuza ng'ombe, lakini yule mweupe, ambaye Anyesi alikuwa akimkamua kila asubuhi kabla hajaajiriwa, alipiga magoti kwenye tope lililopasuka, kisha akalala ubavu.

Anyesi alivua kofia ya kazi, akakimbia kuchota maji nayo.

Aliporudi, maji yakimchuruzika mikononi, baba alikuwa amechuchumaa, anaifungua kengele shingoni mwa ng'ombe.