Bibi Kifaru na Kigoda Kifupi

Siku ya karamu, Bibi Kifaru mwenye magoti mabovu alikalishwa kwenye kigoda kifupi. Ulipofika wakati wa kunawa, Tumbili, aliyependa sana kuonekana msaidizi, akamdaka mkono.

“Bibi, nikivuta tu, umesimama!”

“Niache nijiinue mwenyewe, mjukuu wangu.”

Tumbili akavuta. Bibi akainuka nusu, akarudi chini pu! Tumbili akarushwa hadi katikati ya sinia la pilau.

Bibi Kifaru akasogea ukingoni mwa kigoda, akarudisha miguu nyuma, akainama mbele, akakikandamiza kigoda kwa mikono miwili, akasimama bila kuyumba.

“Bibi, nivute!” akalia Tumbili, akiteleza kwenye mafuta.

“Sogea ukingoni kwanza,” akasema Bibi, akaenda zake kunawa.